Kutoka Kiwandani hadi Ghalani: Mwongozo Kamili wa Kusimamia Mzigo, Stoo na Gharama kwa Muuzaji wa Vifaa vya Ujenzi

Muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi aliyeko Mwanza hununua sehemu ya mzigo wake China, sehemu viwandani Dar es Salaam na sehemu kwa wauzaji wenzake wa hapohapo mjini, kisha huwauzia wenye maduka wa Geita, Sengerema, Magu, Bariadi na Shinyanga, ambao wengi wao hulipa baadaye. Tangu fedha itoke mfukoni mwake hadi irudi, inaweza kupita miezi mitano. Katika miezi hiyo mzigo hulipiwa nauli, ushuru, tozo, pango, ulinzi na riba, na kila malipo huandikwa mahali pake: mengine kwenye ankara, mengine kwenye ujumbe wa simu, mengine hayaandikwi popote. Ndiyo maana mtu anaweza kuuza sana mwaka mzima na asijue ni bidhaa ipi iliyompa faida na ni ipi iliyokula faida ya nyingine.

Mwongozo huu unaufuata mzigo huo tangu oda hadi deni la mwisho kukusanywa. Kiasi cha fedha na mauzo kilichomo kwenye mifano ni cha kufanyia hesabu tu. Weka takwimu zako mahali pake. Mwenye duka la vipuri, la vyombo au la vitambaa anaweza kufuata njia hiyohiyo, kwa kuwa kinachobadilika ni bidhaa na siku zake.

Hatua ya 1: Pima siku za mzigo, si za safari peke yake

Chukua oda zako za mwaka uliopita na kwa kila moja uandike tarehe sita: siku ulipotuma malipo ya awali, siku kiwanda kilipomaliza kazi, siku meli ilipoondoka, siku ilipofika Dar es Salaam, siku mzigo ulipotolewa bandarini, na siku uliposhushwa ghalani kwako. Wafanyabiashara wengi wanaikumbuka tarehe ya kwanza na ya mwisho tu, na kwa hiyo mzigo ukichelewa humlaumu wakala wa forodha, hata pale ambapo wiki tatu zilipotelea kiwandani kabla kontena halijafungwa. Ukiwa na tarehe zote sita utajua ni nani wa kuzungumza naye, na pia utajua kama kubadilisha wakala kutakusaidia chochote.

Baada ya hapo andika namba mbili kwa kila chanzo cha mzigo: wastani wa siku na siku nyingi kuliko zote zilizowahi kupita. Tuseme vitasa vya milango kutoka China huchukua wastani wa siku 85, na oda iliyochelewa zaidi ilichukua siku 110. Saruji kutoka kiwandani huchukua wastani wa siku 6, na iliyochelewa zaidi siku 10. Namba ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, kwa sababu wastani haumwonyeshi mtu siku ambazo rafu itakuwa tupu.

Siku hizi zisomwe pamoja na kalenda mbili. Ya kwanza ni ya muuzaji wako: viwanda vya China hufungwa kwa Mwaka Mpya wao, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari hivi, na wiki za kabla ya hapo huwa za msongamano kwa sababu kila mtu anataka mzigo wake uondoke. Ya pili ni ya mnunuzi wako. Katika Kanda ya Ziwa fedha ya ujenzi hufuata mavuno. Pamba huanza kununuliwa Mei, mpunga nao huingia sokoni majira hayo, na kuanzia hapo hadi mvua za vuli ndipo watu wanapomwaga msingi na kuezeka. Mfanyabiashara anayetaka vitasa viwe ghalani tarehe 1 Julai, na ambaye oda yake iliyochelewa zaidi ilichukua siku 110, anapaswa kuwa ametuma malipo ya awali katikati ya Machi, wakati ambapo mauzo bado yako chini na mkono hautaki kutoa. Hapa ndipo wengi hukosea msimu, kwa kuwa husubiri wateja waanze kuulizia ndipo waagize.

Liko pia jambo ambalo huwezi kulipanga. Njia ya China hadi Dar es Salaam haipiti Bahari ya Shamu, lakini mashambulizi dhidi ya meli katika bahari hiyo tangu mwishoni mwa 2023 yalizifanya meli nyingi za kati ya Asia na Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari zikarefuka, meli na kontena zikaadimika, na nauli za njia nyingine nazo zikapanda. Kwa hiyo omba bei mpya ya nauli kwa kila oda, wala usitumie ya oda iliyopita.

Hatua ya 2: Jua bei unayopewa inaishia wapi

Muuzaji wa kiwandani anaweza kukupa bei tatu kwa kitasa kilekile na zote zikawa sahihi. Masharti ya bei hizo yamewekwa katika kanuni za Incoterms za Chama cha Kimataifa cha Biashara, ambazo toleo lake la sasa ni la 2020. Bei ya EXW inaishia mlangoni mwa kiwanda, na usafiri wote kuanzia hapo ni wako. Bei ya FOB inaishia mzigo ukiwa umepakiwa melini katika bandari ya huko. Bei ya CIF inajumuisha nauli ya meli na bima hadi bandari ya kwako, ingawa hatari ya mzigo inahamia kwako tangu unapopakiwa kule.

Kwa mwenye kontena zima, ushauri wangu ni FOB, na umtafute msafirishaji wako mwenyewe. Bei ya CIF hupendeza kwa macho, lakini nauli iliyopunguzwa kule mara nyingi hurudishwa huku kama ada za nyaraka na za kushughulikia mzigo, ambazo hukupewa nafasi ya kuzijadili. Zaidi ya hayo, Tanzania inataka bima ya mizigo inayoagizwa kutoka nje ikatwe kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, kwa hiyo bima iliyomo kwenye CIF inaweza kuwa fedha uliyolipa mara mbili. Anayechangia kontena na wenzake ana hali tofauti: yeye hulipa kwa mita za ujazo, na kilicho muhimu kwake ni kupata vipimo vya maboksi kabla ya kulipa, kwani boksi lililofungwa kwa uzembe linasafirisha hewa kwa gharama yake.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, thibitisha mambo mawili ambayo yakikosewa hayarekebishiki kwa urahisi. La kwanza ni msimbo wa HS wa kila bidhaa, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa kwa ajili ya forodha, maana ndio unaoamua ushuru. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una madaraja ya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, na baadhi ya bidhaa nyeti zina viwango vya juu zaidi. La pili ni cheti cha ubora kinachotolewa kabla ya mzigo kusafirishwa chini ya utaratibu wa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Bidhaa inayohitaji cheti ikifika bila hicho cheti itakaguliwa huku na itatozwa adhabu, na wakati huo gharama za bandari zinaendelea kuhesabiwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya gharama hadi ghalani

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, na nitakaa juu yake kwa muda.

Tuchukue kontena la futi 20 lenye bidhaa mbili: vitasa vya milango vya dola 15,000 na taa za dari za dola 15,000. Kwa ajili ya mfano, tuseme zote mbili ziko kwenye daraja la ushuru la asilimia 25. Bei ya FOB ni dola 30,000, nauli ya meli 2,700, bima 300. Jumla, yaani thamani ya forodha, ni 33,000. Ushuru wa asilimia 25 ni 8,250. Tozo ndogo za forodha, kama ile ya maendeleo ya reli, tuziweke 750 kwa pamoja. Sasa tuna 42,000, na juu ya hiyo ndipo inapokuja Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18, ambayo ni 7,560.

Kodi hiyo inahitaji uangalifu. Aliyesajiliwa VAT haihesabu kama gharama ya bidhaa, kwa sababu ataikata kwenye kodi atakayokusanya kwa wateja. Lakini anaihitaji mkononi siku ya kutoa mzigo, na hapo ndipo kontena nyingi hukwama kwa watu ambao kwa hesabu za daftari wana faida. Asiyesajiliwa hairudishiwi, kwa hiyo kwake ni gharama kamili, na anaposhindana kwa bei na aliyesajiliwa anapaswa kulijua hilo mapema.

Tuendelee na aliyesajiliwa. Ada za bandari na wakala wa forodha, 1,200. Lori hadi Mwanza pamoja na kurudisha kontena tupu, 2,000. Makuli wa kushusha, 100. Ada za benki na tofauti ya kununua dola, 300. Mwisho kuna riba: dola 30,000 zilizokaa njiani siku 90 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka ni takriban 1,330. Hata kama fedha ni yako na hukukopa, iandike, kwa kuwa katika siku hizo ingeweza kuzungushwa kwenye saruji mara kadhaa. Jumla yote bila VAT ni 46,930. Kila dola 1 iliyolipwa kiwandani imefika Mwanza ikiwa dola 1.56.

Wengi huishia hapo: wanazidisha bei ya kila bidhaa kwa 1.56, wanaongeza asilimia 10 ya faida, na kuandika bei ya kuuzia. Njia hiyo ni ya haraka na ni ya hatari, maana vitasa na taa havikusafiri kwa gharama sawa. Vitasa vilijaza mita za ujazo 7, taa zilijaza 21. Gharama zinazofuata nafasi, yaani nauli ya meli, bandari, lori na makuli, jumla yake ni 6,000. Robo yake, 1,500, ni ya vitasa, na 4,500 ni ya taa. Gharama zinazofuata thamani, yaani bima, ushuru, tozo, benki na riba, jumla yake ni 10,930, na zinagawanywa nusu kwa nusu, 5,465 kila upande. Vitasa vimefika kwa 21,965, taa kwa 24,965. Kizidisho cha vitasa ni 1.46, cha taa ni 1.66.

Sasa tazama kilichompata aliyetumia kizidisho kimoja. Ameuza taa akidhani anapata asilimia 10, kumbe anapata kama 3.4, na taa chache zikivunjika hana kitu. Kwenye vitasa amepandisha bei hadi faida ya asilimia 17.5, na kwa sababu hiyo jirani yake anawauzia wateja wake. Mwisho wa mwaka ataona taa zinatoka haraka na vitasa vinalala, ataamua kuagiza taa zaidi, na kila kontena litamzamisha kidogo.

Tengeneza jedwali moja la hesabu hii kwenye kompyuta au hata kwenye daftari kubwa, lenye safu za bei ya kiwandani, ujazo, uzito, daraja la ushuru na gharama za aina zote mbili, zinazofuata nafasi na zinazofuata thamani, na usiandike bei ya kuuzia ya mzigo mpya kabla halijajazwa. Kwa bidhaa nzito zinazojaza uzito wa kontena kabla ya nafasi, kama misumari na bawaba, gawa gharama za usafiri kwa kilo badala ya mita za ujazo. Kwa mzigo wa ndani jedwali ni fupi, lakini ni lilelile: bei ya kiwandani, lori, makuli, mifuko iliyopasuka.

Hatua ya 4: Bandari, mizani na lori

Mita mbili za gharama huanza kukimbia kontena linapofika, na watu huzichanganya. Moja ni ya bandari au bandari kavu, inayotoza kwa nafasi mzigo unaokalia. Nyingine ni ya kampuni ya meli, inayotoza kwa kuchelewesha kontena lake, ndiyo demareji. Kila moja ina siku zake za bure na viwango vyake, na zote mbili hupanda kadiri siku zinavyosogea. Tiba yake iko kabla ya meli kufika: nyaraka zote ziwe mikononi mwa wakala meli ikiwa bado baharini, tathmini ya forodha ianze, na fedha za ushuru ziwe tayari. Umwombe msafirishaji siku nyingi zaidi za bure wakati wa kukubaliana nauli, kwa kuwa baada ya hapo hakuna atakayekusikiliza. Omba pia ankara ya wakala ikitenganisha ada yake na malipo aliyokulipia kwa wengine, na kila malipo yawe na risiti yake.

Kuhusu barabara, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu uzito usiozidi tani 56 kwa lori na mzigo wake, lakini mizani hupima pia uzito wa kila ekseli. Lori linaweza kuwa chini ya jumla inayoruhusiwa na bado likatozwa faini, kwa sababu nondo zote zimelala nyuma. Andika kwenye mkataba wa usafirishaji kwamba mpangilio wa mzigo ni jukumu la mwenye lori.

Nauli ya lori inajadilika kuliko watu wanavyodhani, mradi ujue lori linakwenda kufanya nini baada ya kushusha. Msimu wa mazao malori mengi huhitaji kufika Kanda ya Ziwa yakachukue pamba, mchele na dengu, na mwenye lori ambaye tayari ana mzigo wa kurudi yuko tayari kupunguza nauli ya kupandia. Nje ya msimu anahesabu kurudi mtupu, na safari yote ya kwenda na kurudi inakuwa juu yako. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 bado ni njia ya kufikiriwa kwa mizigo mizito isiyo na haraka, ila siku zake uzipime kwa makini kama ulivyopima za meli.

Usambazaji wa kutoka ghalani nao una hesabu yake. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, gari la kwenda Sengerema na Geita halisubiri tena kivuko, na gari lililokuwa likifanya safari moja kwa siku linaweza kufikiria mbili. Mwenye kuwasambazia wateja wa upande huo na ambaye bado anatoza nauli ya enzi za kivuko anapaswa kuipitia upya kabla mshindani hajaipitia.

Hatua ya 5: Pokea mzigo kwa kipimo

Kupokea mzigo si kuhesabu vifurushi na kusaini. Nondo hununuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande, kwa hiyo pima uzito. Kanuni ni rahisi: zidisha kipenyo cha nondo kwa milimita mara kipenyo hichohicho, kisha gawa kwa 162, utapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita. Kipande cha mita 12 kina kilo 10.7 hivi, na tani moja ina vipande kama 94. Ukipewa vipande 105 kwa tani, usifurahie nyongeza. Nondo hizo ni nyembamba au ni fupi, na fundi atakayezipima mbele ya mteja wake hatarudi dukani kwako. Mabati yapimwe unene kwa mikromita kwenye vipande kadhaa vya kila bunda, kwani geji iliyochapishwa juu ya bati ni maandishi tu mpaka ipimwe.

Mzigo uliovunjika au kupungua upigwe picha ukiwa bado kwenye lori, uandikwe kwenye hati ya dereva, na dereva asaini. Bima na madai kwa msafirishaji hutegemea karatasi hiyo.

Ndani ya ghala, saruji ikae juu ya mbao au palleti, mbali na ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu, na ile iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, maana baada ya takriban miezi mitatu nguvu yake hupungua. Mabati yaliyopangwa yakiingiwa na maji katikati hupata kutu nyeupe, hata yakiwa mapya. Nondo zisiguse udongo.

Hatua ya 6: Ipe kila bidhaa kiwango cha kuagiza upya

Huwezi kusimamia bidhaa 600 kwa uangalifu sawa. Panga orodha yako kwa thamani ya mauzo ya mwaka, kubwa juu na ndogo chini. Utaona kwamba bidhaa chache za juu zinabeba sehemu kubwa ya mauzo yote. Hizo ziite kundi A. Zinazofuata ni B, na lile rundo refu la vitu vidogovidogo ni C. Kundi A lifuatiliwe kila wiki na mwenye biashara mwenyewe. Kundi C linaweza kuachiwa mtunza stoo na kanuni nyepesi, kama vile kuagiza pindi boksi la mwisho linapofunguliwa. Tahadhari moja: kuna bidhaa za C ambazo zikikosekana zinaondoka na mauzo ya A. Mteja aliyekuja kuchukua mabati 80 na akakosa misumari ya bati atanunua vyote viwili kwa jirani.

Kwa A na B weka namba mbili. Akiba ya tahadhari ni mauzo ya juu kabisa ya siku mara siku nyingi zaidi za kusubiri, ukitoa mauzo ya wastani mara siku za wastani. Kiwango cha kuagiza upya ni mauzo ya wastani mara siku za wastani, ukijumlisha akiba hiyo. Kwa kitasa kinachouzwa wastani wa vipande 12 kwa siku na kisichozidi 16, mzigo wake ukichukua siku 85 hadi 110, akiba ni 1,760 kutoa 1,020, yaani 740, na unaagiza ghala likishuka hadi 1,760. Kwa saruji inayouzwa mifuko 150 kwa siku na isiyozidi 200, kwa siku 6 hadi 10, akiba ni 1,100 na unaagiza ikifika 2,000. Mzigo ulio njiani na uliokwisha kulipiwa uhesabiwe pamoja na uliopo, la sivyo utaagiza mara mbili.

Kanuni hii ina tahadhari nyingi ndani yake, kwa kuwa inachukulia kwamba mauzo ya juu na ucheleweshaji mbaya vitakutana. Kwa kundi A inafaa. Kwa bidhaa ghali isiyotoka sana, kama jenereta, nafuu kukosa siku kadhaa kuliko kuweka nne zikilala. Usiitumie pia kwa namba za mwaka mzima bila kutenganisha misimu: mauzo ya Agosti na ya Machi si ya duka moja.

Hatua ya 7: Kiasi cha kuagiza kwa mara moja

Mwaka 1913 mhandisi wa Marekani, Ford W. Harris, alichapisha kanuni ambayo bado inafundishwa: zidisha 2 kwa mahitaji ya mwaka na kwa gharama ya kuweka oda moja, gawa kwa gharama ya kutunza kipande kimoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili. Ukiuza makopo 2,400 ya rangi kwa mwaka, kila oda ikikugharimu shilingi 90,000 za kufuatilia na kusafirisha, na kutunza kopo moja kwa mwaka kukagharimu shilingi 12,000, jibu ni makopo 190, yaani oda moja kila mwezi hivi. Usiifanye amri. Ukiagiza 150 badala ya 190, gharama ya mwaka hupanda kwa kama asilimia 3 tu, kwa hiyo zungusha namba kulingana na lori au boksi.

Kwa mzigo wa China kanuni hiyo haina msaada mkubwa, kwani kontena ndilo linaloamua. Swali lililobaki ni nini kiingie ndani yake, na jibu ni kujaza kwanza bidhaa zilizokaribia kiwango chake cha kuagiza, kisha nafasi iliyobaki uipe bidhaa yenye faida kubwa kwa kila mita ya ujazo. Punguzo la asilimia 5 kwa kununua mara mbili ya mahitaji lipimwe dhidi ya miezi ambayo nusu ya pili itakaa ghalani ikilipiwa riba na pango.

Hatua ya 8: Leja na kuhesabu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila bidhaa iwe na kadi yake au ukurasa wake kwenye programu, wenye kuingia, kutoka na salio, na kisiingie wala kutoka kitu bila karatasi, hata akichukua mwenye duka kwa ujenzi wa nyumba yake. Badala ya kufunga duka siku mbili mwishoni mwa mwaka, hesabu kidogokidogo: bidhaa za A kila wiki, za B kila mwezi, za C kila robo mwaka. Anayehesabu asiwe mtunza stoo, wala asipewe salio la leja kabla ya kuhesabu. Tofauti ikionekana, tafuta kwanza makosa ya kipimo, kama bunda lililoandikwa kuwa kipande, kabla ya kumtuhumu mtu.

Hatua ya 9: Fuata fedha hadi irudi

Gawa gharama ya bidhaa ulizouza mwaka mzima kwa thamani ya wastani ya mzigo ulio ghalani. Milioni 720 kwa milioni 180 ni mizunguko 4, yaani kila shilingi hukaa ghalani siku 91. Ongeza siku ambazo wateja wa mali kauli, yaani wanaochukua mzigo na kulipa baadaye, huchukua kulipa, tuseme 30, na utoe siku ambazo wewe hupewa na wauzaji wako, tuseme 20. Fedha yako imefungwa siku 101. Namba hii ikipanda kutoka mwezi hadi mwezi huku mauzo yakipanda pia, biashara inakua kuelekea kukosa fedha.

Mali kauli haitaepukika katika biashara ya jumla, lakini iwe na kikomo kwa kila mteja, na kikomo hicho kifuate rekodi yake ya kulipa. Mwenye deni lililopita siku 45 asipewe mzigo mpya hata kama oda yake ni kubwa. Mara nyingi oda hiyo kubwa ndiyo anayokusudia kuilipia kwa muda mrefu zaidi. Bei ya mkopo iwe tofauti na ya taslimu, na tofauti hiyo itokane na riba ya siku zenyewe.

Kwa mzigo uliolala, chapisha kila mwezi orodha ya bidhaa ambazo hazijauzwa hata kipande kimoja kwa siku 120. Taa ambayo mtindo wake umepita, iliyofika kwa shilingi 60,000, haitarudisha fedha hiyo kwa kusubiri. Iuze 45,000 pamoja na bidhaa inayotembea, au mpe fundi umeme anayekuletea wateja kwa bei hiyo, na fedha iende kwenye bidhaa iliyo karibu na kiwango chake cha kuagiza. Hasara hiyo iandikwe kwenye jedwali la kontena lililoileta, ili utakapokaa Machi kupanga oda ya Julai uione kwenye safu yake.